Mbona Picha Hukwama?



Wengi huuliza: “Mtandao wangu una kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, na video yahitaji 3 tu. Mbona inakwama?” Jibu ni kwamba ile 3 ni wastani.

Video haihifadhi kila picha nzima. Huhifadhi picha moja kamili, kisha katika zile zinazofuata huandika hasa yaliyobadilika. Mtu aketiye akisoma habari mbele ya ukuta hubadilisha machache: mdomo, macho, mikono. Lakini mvua inyeshapo, au umati uwanjani ukiruka kushangilia bao, karibu kila kitu hubadilika. Hapo biti huongezwa, ili picha isiharibike.

Hebu tupige hesabu. Tuchukue video ya dakika 4: dakika 3 ni tulivu, zatumia megabiti 2 kwa sekunde, dakika 1 ni ya fujo, yatumia 6. Jumla ni megabiti 720, na wastani wake ni 3 kamili. Katika ile dakika ya fujo zahitajika megabiti 360, na mtandao wetu utaleta 240. Zapungua 120! Zitoke wapi? Zitoke katika akiba, yaani sehemu iliyopokelewa kabla ya kuonyeshwa, kama maji yaliyokingwa pipani. Utulivu ukitangulia, dakika 1 yatosha kuweka akiba hiyo. Fujo ikitangulia, itambidi mtazamaji angoje sekunde 30 kabla ya kuanza, la sivyo picha itasimama njiani.

Matangazo ya moja kwa moja ni magumu zaidi, maana huwezi kukinga yasiyotokea bado. Humo kasi ya mtandao yapasa kukaribia kilele, wala si wastani. Ama sivyo mrushaji apunguze ubora.

Wenye kazi hii walilitambua jambo hilo. Hadi mwaka 2015 Netflix ilitumia ngazi moja ya viwango kwa filamu zote, kuanzia kilobiti 235 hadi 5,800 kwa sekunde. Desemba mwaka huo ilieleza mpango wa kuipimia kila filamu ngazi yake, kwa kuwa katuni nyepesi haihitaji sawa na filamu ya mapigano.

Basi ununuapo kifurushi, uliza kasi ya saa za msongamano. Na kama mtandao ni hafifu, teua mwenyewe ubora wa chini, au pakua video nzima usiku uitazame kesho.