Kumfundisha Mbio Ndefu Mwanafunzi Asiyependa Kukimbia

Mpira wa miguu hauhitaji kushawishi mtu. Mwalimu akiutupa uwanjani, watoto huufuata wenyewe. Mbio ndefu si hivyo. Tangaza kwamba leo darasa la tano litakimbia mizunguko sita ya uwanja, na papo hapo utaona mmoja anaumwa tumbo, mwingine amesahau kaptula, na wa tatu ameingia chooni hatoki.

Mwandishi wa makala haya alikuwa yule wa tatu. Katika shule niliyosoma kukimbia kulikuwa adhabu. Aliyechelewa alizungushwa uwanja, na aliyepiga kelele darasani alizungushwa uwanja. Miaka saba ya namna hiyo ilinifunza jambo moja tu, kwamba mtu anayekimbia amekosa. Nilifika utu uzima, nikapata stashahada yangu ya ualimu, na bado nilikuwa siwezi kukimbia hata kuliwahi basi. Kisha nikapangiwa kusimamia mchakamchaka wa alfajiri chuoni, hapa Korogwe, mbele ya vijana walionizidi pumzi wote.

Nilijiweka nyuma ya mstari, kwa kisingizio cha kuwaangalia wanaochelewa. Huko nyuma niligundua jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote cha mbinu. Kiongozi alipoimba nasi tukaitikia, nilikwenda. Vijana wa mbele walipoongeza kasi, sauti yangu ilikatika kwanza, na baada ya dakika mbili au tatu miguu ikafuata. Kumbe miguu yangu haikuwa na kosa. Mwendo ndio uliokuwa mkubwa mno.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Katika mwendo wa wastani moyo na mapafu huweza kuifikishia misuli oksijeni inayohitaji. Kasi ikizidi uwezo huo, mtu huhema, mapaja huwaka moto, na hata akiwa na moyo wa chuma hana budi kupunguza. Anayeweza kuitikia wimbo bado yumo ndani ya uwezo wake. Kwa hiyo mchakamchaka, ambao wengi wetu huufanya kama desturi tu ya asubuhi, ni kipimo kizuri cha mwendo, nacho hakihitaji saa wala fedha. Mwalimu asikilize. Wimbo ukififia, apunguze mwendo wa wote, asiwakaripie.

Watoto watakuuliza kuhusu mabingwa, nawe uwe na jibu. Filbert Bayi alipokimbia mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mtoto anayeanza leo akimwiga katika mwanzo wake tu, ataishia kukaa chini ya mwembe. Afadhali umtajie pia Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo mwaka 2025. Ushindi ule ulipatikana katika hatua za mwisho kabisa. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda uleule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48.

Katika azimio lako la kazi, anza na dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, mara sita. Juma linalofuata ziwe dakika mbili kwa mbili, kisha tatu kwa moja, kisha tano kwa moja. Siku tatu kwa juma zatosha, zikiachana. Juma likiwashinda wengi, lirudie bila kuona haya. Kufikia juma la tisa au la kumi darasa kubwa litakuwa likikimbia dakika kumi na tano mfululizo. Mtoto mwenye pumu au selimundu, au aliyetoka kuugua malaria, asilazimishwe. Na asubuhi uliza kwanza nani hakula kitu.

Linabaki tatizo la yule wa mwisho. Mwaka mmoja nilikwenda Handeni kumkagua mwalimu mwanafunzi, nikamkuta msichana wa darasa la sita amejibanza kando ya ukuta. Nilipomwuliza, alisema, "Shikamoo mwalimu. Mimi huwa wa mwisho, na wakishafika wote husimama kunitazama." Mizunguko ya uwanja ndiyo inayomtendea hivyo: humwonyesha mbele ya shule nzima, kila kipindi.

Nikamshauri yule mwalimu aache kupima umbali, apime muda. Darasa lianze pamoja katika njia moja, kila mmoja kwa mwendo wa kuimba. Baada ya dakika tano filimbi ilie, na kila mtoto ageuke hapo hapo alipo, arudi alikotoka. Tazama kinachotokea. Waliokuwa nyuma sasa wako mbele, na kila aliyetunza mwendo wake hufika mstarini karibu wakati mmoja na wenzake. Anayechelewa ni yule aliyetoka mbio kama swala, kisha akashindwa kurudi. Wavulana wawili wenye majivuno walijifunza hapo jambo la kasi kuliko ambavyo maneno yangu yangewafunza.

Hapa Korogwe njia za ndani ya mashamba ya mkonge zafaa sana kwa zoezi hili, kwa kuwa zimenyooka na filimbi husikika mbali. Uombe ruhusa kwanza, na ukimbie kabla jua halijawa kali. Handeni kuna miiba na vilima, na maji yamekuwa shida kwa miaka mingi, kwa hiyo ikague njia siku moja kabla, na uwaambie watoto waje na maji ya kunywa. Barabara kuu usiitumie kamwe.

Juma la nne mambo yaliharibika kidogo. Mwalimu wa zamu aliwazungusha uwanja waliochelewa, na kesho yake yule msichana, ambaye hakuwa amechelewa, alirudi ukutani. Mwalimu mwanafunzi alitaka kunyamaza, maana yeye ni mgeni na mwenzake ni mkubwa wake kwa umri. Nikamwambia aende, aamkie, aeleze kazi anayoifanya na aombe, asikosoe. Yule mzee alimsikiliza hadi mwisho. Akakubali kwa majaribio ya majuma mawili, na waliochelewa wakapewa kumwagilia miche. Kipindi cha pili baada ya hapo msichana alikuwa mstarini, mguu mmoja mbele, akisubiri filimbi.