Kabla Hujahamia kwa Wapanki

Mdogo wangu wa Berlin, barua yako nimeisoma. Na wengine mnaowaza kuhamia nyumba za namna hiyo, sogeeni. Unasoma chuo, kodi imekushinda, na rafiki zako wa bendi wana chumba kwenye nyumba yao ya wapanki: watu kumi na wawili, jiko moja, mbwa wawili. Uende?

Nenda ukaione, ila usiende usiku wa muziki. Usiku wa muziki kila nyumba ni pepo. Nenda Jumanne asubuhi, uangalie sinki, uangalie choo, halafu uulize zamu ya usafi imebandikwa wapi.

Watu hudhani nyumba hizi hazina sheria. Thubutu! Hakuna mwenye nyumba wa kumwita fundi wala dada wa kazi, kwa hiyo kila kitu kinakwenda kwenye kikao cha wakazi, Wajerumani wanakiita Plenum. Mara nyingi hawapigi kura, wanajadili hadi wote wakubali. Umewahi kukaa kikao cha harusi kikabishania rangi ya vitambaa mpaka saa sita usiku? Ndicho hicho, ila hapa mada ni bomba linalovuja na nani kamaliza jibini la wote. Na nyumba isiyo na bosi hutawaliwa na wasemaji. Kijerumani chako kinoe, la sivyo utaosha masufuria waliyoyaamua wengine.

Sasa jambo ambalo rafiki zako hawatakuambia, si kwa ubaya, ni kwamba haliwagusi. Jengo ni la nani? Nyumba nyingi za hivyo hapo Berlin zilianza Ukuta ulipoanguka, Novemba 1989. Upande wa mashariki wa jiji kulikuwa na majengo matupu tele, vijana wakaingia wakakaa. Köpi, Köpenicker Straße namba 137, ilianza hivyo mwaka 1990. Baadhi wakaja kupata mikataba, na mkataba una mwisho wake. Liebig 34, nyumba iliyosifika kwa siasa za kutetea wanawake, wa kwao uliisha mwishoni mwa 2018. Oktoba 2020 polisi wakaja kuwatoa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya waliokuwa wakiishi kwenye magari kando ya Köpi.

Mwenzako Mjerumani akitolewa hivyo, atalala kwa mama yake Hamburg na Jumatatu atarudi darasani. Wewe una kibali cha kuishi cha kulinda. Mle ndani mtakuwa sawa kabisa, mtakula sufuria moja. Usawa unakomea mlangoni.

Kwa hiyo uliza karatasi. Sheria ya huko inakutaka uandikishe makazi ndani ya wiki 2 tangu uhamie, na unahitaji fomu iliyosainiwa na anayekupa nyumba. Bila hiyo, benki na kibali vitakusumbua. Wakikwambia "hayo tutaona baadaye", hicho chumba si chako, hata kikiwa cha bure. Wakikwambia nyumba iko chini ya Mietshäuser Syndikat, tulia kidogo: huo ni muungano ulioanzia Freiburg, ambamo jengo linamilikiwa na kampuni ya chama cha wakazi pamoja na muungano wenyewe, na upande mmoja hauwezi kuliuza peke yake.

La mwisho ni la kike. Waulize: mara ya mwisho mwanaume alipomsumbua msichana humu, mlifanyaje? Ukijibiwa "hapa hatuna mambo hayo", chukua mkoba wako. Nyumba iliyokomaa itakueleza nani aliitwa, kikao kilisemaje, na yule bwana sasa anaishi wapi.

Karatasi zikiwepo na jibu likikuridhisha, hamia. Utakula vizuri kuliko bwenini na hutakosa mtu wa kukushikia ngazi unapopaka rangi. Changia mfuko wa chakula kwa wakati. Siku yako ya jikoni wapikie maharage ya nazi. Wengi wao hawali nyama, watakuimbia.

Mama umwambie mwenyewe, kabla binamu yako hajamwonyesha picha. Anza na mkataba, ndipo uje kwenye nywele za wenzako.