Pesa ya Gesi na Kijana wa Mtawanya: Maswali na Majibu

Maandamano ya gesi yalianzia hapa kwetu Mtawanya. Kaka zetu walipata nini?

Tarehe 27 Desemba 2012 watu walitembea kutoka Mtawanya hadi Mtwara mjini kupinga bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam, wakisema gesi haitoki. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuja kuzungumza na wananchi. Mei 22, 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, vurugu zikalipuka, watu wakafa, na jeshi likaingia mitaani. Bomba lilijengwa hata hivyo, na mwaka 2015 gesi ya Mnazi Bay ikaanza kupita Madimba kwenda Dar es Salaam.

Waliloliomba, basi, hawakulipata. Lakini sikubaliani kabisa na wanaowaita wahuni waliotumwa. Waliuliza mwenyeji anabaki na nini mali ikishaondoka, na swali hilo ni halali hadi leo.

Nikitaka kujua pesa ya gesi inafika wapi, naanzia wapi?

Anzia halmashauri. Sheria inaipa haki ya kutoza kampuni ushuru wa huduma, unaohesabiwa kwa mauzo yake. Muulize diwani wako: mwaka huu tumepokea kiasi gani, na kimejenga nini?

Kisha uliza habari ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Uliza ni vikundi gani vya kata yako vimepata, na vilivyokosa vilikosa kwa sababu gani. Hapo ndipo siasa inapomgusa kijana mfukoni, na hapo ndipo wengi wetu hatuonekani.

Nina miaka 19. Naruhusiwa kusema?

Ndiyo. Ukitimiza miaka 18 unapiga kura, na mkutano wa mtaa au kijiji ni wako. Kugombea uenyekiti, udiwani au ubunge ni kuanzia 21. Ila angalia: kadi ya mpiga kura ya Tume ya Uchaguzi haikutoshi kwa uchaguzi wa mtaa, maana orodha yake ni nyingine. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa Oktoba 11 hadi 20 tu.

Nikisimama, wazee wataniona sina adabu.

Toa shikamoo, kisha uliza swali lenye mwaka na kiasi ndani yake. Hakuna mzee atakayekulaumu kwa hilo. Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliusoma Muswada wa Fedha na kuufafanua kwa lugha za nyumbani, wakaingia barabarani wakijua wanachokipinga. Wengine waliuawa, na hilo linauma. Juni 26 Rais Ruto alitangaza kwamba hatausaini muswada huo.

Tangazo la mkutano likibandikwa, nenda na wenzako, mbebe daftari. Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni 2029, na wewe utakuwa umeshapita miaka 21.