Somo la Mbu Katika Chupa

Walimu wengi huwaambia watoto ya kwamba mbu huzaliwa katika maji yaliyotuama, na watoto hulikariri neno hilo kwa sauti moja. Lakini wakirudi nyumbani hupita kando ya kopo lililojaa maji ya mvua wasiyamwage. Maneno wameyashika, jambo lenyewe hawajaliona. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu somo moja lisilo na gharama, liwafaalo hata watoto wa darasa la kwanza.

Mwalimu na achukue chupa mbili za kioo, atie katika kila moja maji ya dimbwi yenye viluwiluwi, kisha azifunge midomo kwa kitambaa chembamba. Watoto wasiambiwe kitu, ila waulizwe, "Mwaona nini?" Wataona ya kuwa viluwiluwi hupanda juu mara kwa mara. Waulizwe sababu, waachwe wabishane. Ndipo mwalimu mwenyewe atie matone machache ya mafuta ya taa katika chupa moja, hata uso wa maji ufunikwe. Viluwiluwi vya humo vitakufa. Vya chupa ya pili vitaishi. Hapo watoto watatambua ya kwamba vilipanda kuvuta pumzi, na mafuta yamevizibia njia.

Chupa ya pili itazamwe kila siku, na watoto wachore waonayo. Kiluwiluwi hujikunja, huacha kula, kisha ngozi hupasuka akatoka mbu. Chupa isifunguliwe kabla mbu wote hawajafa. Penye joto, tangu yai hata mbu ni siku 7 mpaka 14 hivi. Mtoto aliyezihesabu siku hizo hahitaji kuamriwa kumwaga maji ya makopo kila juma, sababu aijua.

Daktari Ronald Ross naye aliwalea mbu wake tangu viluwiluwi. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad katika Bara Hindi, alimpasua mbu aliyekunywa damu ya mgonjwa, akaviona vijidudu vya malaria tumboni mwake.

Malaria katika Afrika huwaua zaidi watoto wasiotimiza miaka 5, wadogo wa hao walio shuleni. Basi twawaomba machifu na wazazi: mtoto akija nyumbani na kusema, "Maji haya yana viluwiluwi," asikemewe. Na afuatwe, yakatazamwe, yamwagwe.