Msitu wa Mau na Haki ya Kuabudu

Olmotonyi ni mahali palipo chini ya Mlima Meru, karibu na njia itokayo Arusha kwenda Namanga. Hapo pana Chuo cha Misitu, na juu yake umesimama msitu wa Serikali. Kila mtoto wa Olmotonyi ajua ya kuwa msitu una sheria. Mtu hawezi kuingia akakata mti apendavyo, kwa maana miti ikiisha, udongo huchukuliwa na maji na chemchemi hukauka. Sheria hiyo ni njema. Lakini je, yaweza kutokea kwamba sheria njema imzuie mtu asimwabudu Mungu wake? Shauri la namna hiyo liliamuliwa Arusha, mwendo mfupi tu kutoka Olmotonyi.

Katika nchi ya Kenya uko msitu mkubwa uitwao Mau. Mito mingi hutoka humo, na mmoja ni Mara, upitao Serengeti na kuingia katika Ziwa Victoria. Tangu zamani Waogiek wamekaa katika msitu huo, wakiwinda wanyama na kurina asali. Kwao msitu si ghala ya chakula tu, bali ni mahali pa ibada. Yamo mapango, vilima na miti ambayo baba zao waliiheshimu kuwa mitakatifu.

Mwezi wa Oktoba 2009 Waogiek walipewa amri watoke msituni katika muda wa siku 30. Tena, kwa sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2005, iliwapasa kuomba ruhusa kila mwaka na kuilipia, ndipo waingie. Basi mtu aliyetaka kwenda mahali pa ibada ya babu zake alipaswa kwanza kutoa fedha.

Shauri lao lililetwa mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha. Mahakama hii hupima matendo ya serikali kwa Mkataba wa Afrika uliokubaliwa mwaka 1981. Ibara ya 8 ya Mkataba huo yalinda uhuru wa dhamiri na wa dini, wala hauwezi kupunguzwa ila kwa ajili ya sheria na utulivu. Ibara ya 1 yazipasa nchi zote zilizoukubali kutunga sheria za kuutimiza.

Serikali ya Kenya ilitoa hoja zake. Ilisema kwamba msitu hauna budi kulindwa. Ilisema pia kwamba Waogiek wamekuwa Wakristo, basi wameiacha dini yao ya zamani.

Hukumu ilitolewa tarehe 26 Mei 2017. Mahakama haikukana ya kuwa msitu ni wa kulindwa. Lakini iliona kwamba walioharibu Mau hawakuwa Waogiek, bali ni wageni waliouingia, na Serikali yenyewe iliyogawa ardhi na kutoa ruhusa za kukata miti. Juu ya dini ilisema kwamba si Waogiek wote waliobatizwa, na hata aliyebatizwa hakuacha kwa hiyo desturi zote za wazee wake. Tena zilikuwako njia nyepesi zaidi: kuwafundisha watu kuutunza msitu, kushirikiana nao kutunza mahali patakatifu, na kuwaondolea ada. Mwenye kidonda kidoleni hakatwi mkono. Kwa hiyo kufukuzwa kwao kulivunja haki yao ya dini.

Hapa pana fundisho kubwa. Bunge lina uwezo wa kutunga sheria, lakini uwezo huo una mpaka, kama shamba lilivyo na mpaka. Katika Tanzania mpaka huo ni Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 19 yalinda uhuru wa dini, na ibara ya 64 yasema kwamba sheria iliyo kinyume cha Katiba ni batili. Kazi ya mahakama ni kuuonyesha mpaka huo, hata kwa mkubwa.

Mwaka 2022 Mahakama iliamuru Waogiek walipwe shilingi za Kenya 157,850,000, na ardhi yao ipimwe na kuandikwa kwa jina lao. Hata hivyo mwezi wa Novemba 2023 baadhi yao walifukuzwa tena. Hukumu ni neno. Kuitimiza ni kazi.

Huenda Mkristo akauliza, “Mapango ya Waogiek yanihusu nini?” Wahenga walijibu: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sheria iwezayo leo kufunga pango la Mwogiek, kesho yaweza kufunga kanisa au msikiti. Alindaye ibada ya jirani yake ajilinda mwenyewe.

MASWALI

1. Kwa nini msitu hulindwa kwa sheria?
2. Serikali ya Kenya ilitoa hoja gani, nayo Mahakama ilijibuje?
3. Eleza maana ya maneno “uwezo huo una mpaka.”
4. Kama ungekuwa mtunga sheria, ungelindaje msitu pamoja na ibada ya watu wake?