Kwa Nini Shaba Huvaa Samawati?

Muhula uliopita nilipoteza alama katika mtihani wa maabara. Nilitia matone ya amonia ndani ya maji ya salfeti ya shaba, nikaona mashapo ya samawati hafifu, basi nikaweka kalamu chini. Kumbe ningeendelea kutia, mashapo yangeyeyuka na maji yakawa samawati iliyokolea! Mwalimu akaniuliza, "Unajua ni kwa nini?" Nikanyamaza jii.

Haya ndiyo niliyojifunza baadaye. Ayoni ya shaba ina elektroni 9 katika ngazi ya d, yenye nafasi 10. Molekuli za maji zikiizunguka, ngazi hiyo hupasuka kuwa mbili, ya chini na ya juu. Elektroni humeza mwanga mwekundu ili ipande juu. Macho yetu huachiwa samawati. Amonia ikichukua nafasi ya maji, pengo hupanuka, mwanga unaomezwa huelekea rangi ya machungwa na manjano, ndipo samawati hukolea.

Na zinki je? Ayoni yake ina elektroni 10. Ngazi imejaa pomoni, hakuna pa kurukia. Kwa hivyo haina rangi.

Hans Bethe alieleza mpasuko huu mwaka wa 1929. Siku hizi wataalamu hukadiria pengo hilo kwa kompyuta. Walter Kohn na John Pople walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1998 kwa kubuni njia za hesabu za aina hiyo.

Ndugu zangu, tone moja zaidi lina siri. Msiweke kalamu chini mapema!