Lini Tumgeuze Mtoto Atazame Mbele? Nasaha kwa Watu wa Nyumbani Juu ya Kiti cha Mtoto Garini

DIBAJI

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya baba, mama, bibi, babu, yaya na dereva wa nyumba, yaani kwa kila mtu ambaye amana ya mtoto mchanga hupita mikononi mwake kabla gari halijaondoka. Maudhui yake ni jambo moja tu: mtoto aliyezoea kusafiri katika kiti chake akiwa ameelekeza uso nyuma ya gari, ageuzwe lini atazame mbele pamoja na wakubwa? Suala hili hudhaniwa kuwa dogo, na aghalabu hukatwa kwa haraka siku mtoto anapotimiza mwaka, au anapoanza kutembea, au miguu yake inapogusa kiti cha gari. Lakini kwa kuwa matokeo yake hudhihirika katika saa ambayo hakuna tena nafasi ya kurekebisha, yafaa liamuliwe kwa utulivu na maarifa. Jawabu letu ni kwamba mtoto asigeuzwe kwa sababu ametimiza umri fulani, bali kwa sababu kiti chake kimefika ukomo wa kumbeba akitazama nyuma. Na kabla ya hapo, kila mwezi unaoongezwa ni hifadhi iliyoongezwa.

MAUMBILE YA MTOTO

Mtoto ameumbwa kwa kadiri isiyolingana na ya mtu mzima. Kichwa cha mtoto mchanga huchukua kama robo ya urefu wa mwili wake, ilhali cha mtu mzima hakizidi sehemu moja ya saba. Na kichwa hicho kizito kimewekwa juu ya shingo ambayo misuli yake ni dhaifu, kano zake zingali laini, na pingili zake hazijawa mfupa kamili, kwani kila pingili bado ni vipande vilivyoungwa kwa gegedu, navyo hushikana kidogo kidogo, baadhi yake mpaka mtoto akaribie miaka 6. Ndani ya pingili hizo umepita ugwe wa mgongo, njia ya amri zote zitokazo ubongoni kwenda kwenye viungo na pumzi. Na ugwe huo ukivutwa kupita kiasi, madhara yake aghalabu hayaponi. Kutembea, kusema, hata kuwa na kimo kikubwa kuliko wenziwe, hakumaanishi kwamba pingili za shingo zimekwisha komaa.

YATOKEAYO GARI LIGONGAPO

Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao ndio kadiri ya majaribio ya viti hivi, hukata takriban mita 14 kwa kila sekunde. Na linapogonga likasimama ghafula, vyote vilivyomo ndani yake huendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule mpaka vipate cha kuvizuia. Mtoto anayetazama mbele huzuiwa na mikanda iliyoshika mabega na nyonga zake, lakini kichwa chake hakikufungwa na chochote, basi hutupwa mbele kwa nguvu, na shingo peke yake ndiyo yenye kazi ya kukizuia. Ama mtoto anayetazama nyuma, yeye hupokewa na mgongo mzima wa kiti kama yai lipokewavyo na kiganja: kichwa, shingo na uti wa mgongo huegemea pamoja kwa wakati mmoja, na nguvu ya pigo hutawanyika juu ya eneo pana, isielemee mahali pamoja palipo dhaifu.

Wako waulizao, je, gari likigongwa kwa nyuma? Jawabu ni kwamba ajali za aina hiyo, mara nyingi, huwa na nguvu ndogo kuliko zile za uso kwa uso, kwa sababu gari linalogongwa husukumwa likasogea badala ya kusimama ghafula. Kwa hiyo mwenye akili humkinga mtoto kwanza na pigo lililo kali zaidi. Na asidhani mtu kwamba mikono ya mama yaweza kushika nafasi ya kiti, kwani katika mgongano wa mwendo tuliotaja, mtoto wa kilo 10 aweza kulemea mikono kana kwamba uzito wake ni kilo 200, mzigo ambao hakuna mzazi awezaye kuuzuia, angawa na mapenzi na nguvu kiasi gani.

MAARIFA HAYA YALIKOTOKA

Asili ya kumgeuza mtoto atazame nyuma ni nchi ya Sweden, ambako katika miaka ya 1960 mtaalamu Bertil Aldman alitengeneza kiti cha kwanza cha namna hiyo, akichukua mfano wa viti vya wanaanga wa Marekani wa vyombo vya Gemini, ambao walilazwa chali ili nguvu ya kurushwa angani ipokewe na mgongo mzima. Tangu wakati huo Waswidi wamekuwa na desturi ya kuwasafirisha watoto wao wakitazama nyuma mpaka kama miaka 4, na hapana aonaye ajabu mtoto wa miaka 3 kukaa hivyo.

Nchini Marekani, madaktari wa watoto waliokusanyika katika chama chao cha taifa walishauri mwaka 2002 kwamba mtoto asigeuzwe kabla hajatimiza mwaka mmoja na uzito wa kilo 9. Mwaka 2011 wakausogeza mpaka huo hadi miaka 2. Na mwaka 2018 wakaacha kabisa kutaja umri, wakasema mtoto na atazame nyuma kwa muda wote ambao kiti chake kinaruhusu. Nayo Kanuni ya 129 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza mwaka 2013, inakataza mtoto kutazamishwa mbele kabla ya kupita miezi 15, ilhali kanuni iliyoitangulia, ya 44, ilitosheka na kilo 9. Yazingatiwe haya: kila mara wataalamu hawa walipoipitia hukumu yao, waliusogeza wakati wa kugeuza ukawa baadaye zaidi, wala hawakuurudisha nyuma.

NAMNA YA KUAMUA

Mwenye kutaka kuamua kwa haki na afuate hatua hizi, moja baada ya nyingine.

1. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kiti, pamoja na kitabu chake cha maelezo. Humo mtengenezaji ametaja uzito au kimo cha mwisho cha mtoto anayetazama nyuma. Kile kipimo cha chini, kinachosema tangu lini mtoto aweza kutazama mbele, ni ruhusa tu, wala si amri.

2. Mpime mtoto. Kadi ya kliniki hueleza uzito wake, na kimo chake chaweza kupimwa ukutani. Ukikisia kwa macho utakosea, kwani macho ya mzazi humwona mtoto wake amekua kabla ya wakati.

3. Tazama utosi wake. Katika viti vingi, utosi ukiwa bado uko chini ya ukingo wa juu wa kiti kwa sentimita 2.5 au zaidi, na uzito haujafika ukomo, kiti kingali kinamfaa. Palipo na maelezo mengine ya mtengenezaji, hayo ndiyo yafuatwe.

4. Usichanganye ukomo wa kiti na ukomo wa kutazama nyuma. Kile kiti kidogo chenye mshikio, abebewacho mtoto mchanga, humbana mapema, pengine kabla ya mwaka. Lakini hiyo ni ishara ya kutafuta kiti kikubwa zaidi ambacho nacho hutazama nyuma, na viko vinavyompokea mtoto hata afike kilo 18 na kuzidi.

5. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye maradhi ya misuli, mifupa au pumzi, daktari wake aulizwe kwanza.

HOJA ZINAZOSIKIKA NYUMBANI

“Miguu yake imebanwa.” Mtoto hukunja miguu, huipandisha juu ya kiti au huipishanisha bila taabu, kwani viungo vyake ni vyepesi. Kuumia miguu kwa kutazama nyuma ni jambo la nadra. Na hata lingetokea, mfupa wa mguu huunga, ilhali ugwe wa mgongo uliokatika hauungi.

“Analia, hapendi.” Kilio chastahili kusikilizwa. Pengine mkanda umemchoma, jua lampiga, nguo zimemzidi joto, au kiti kimesimama mno. Yaondolewe hayo, akae mtu mzima kando yake, apewe kitu laini cha kuchezea, na safari ndefu ziwe na vituo vya kupumzika. Watoto wengi hulia pia baada ya kugeuzwa, na hapo mzazi hubaki na kilio kile kile bila ile hifadhi.

“Sheria haitulazimishi.” Sheria za nchi hutofautiana, na nyingine huweka kima cha chini tu, lakini shingo ya mtoto wa Mombasa au Dar es Salaam haina tofauti na ya mtoto wa Stockholm, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Wajibu wa mzazi haungoji askari.

MFUKO WA HEWA, NA KITI CHA MTUMBA

Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa ulio hai, kwa sababu mfuko huo hufumka kwa ghafula na nguvu, ukapiga mgongo wa kiti mahali penye kichwa cha mtoto. Mahali pake ni kiti cha nyuma cha gari. Ama viti vya mtumba viletwavyo bandarini, anayenunua na aulize historia yake: kilichopata ajali kubwa, kilichopasuka, kilichopita tarehe yake ya mwisho, au kilichopoteza karatasi na kitabu chake, kisinunuliwe, japo bei yake yavutia.

SIKU YA KUGEUZA IKIFIKA

Mtoto anapofika kweli ukomo wake, ageuzwe bila wasiwasi, lakini kiti kisigeuzwe uso peke yake. Mikanda ya mabega, ambayo hapo kwanza ilitokea usawa wa mabega au chini kidogo, sasa itokee usawa huo au juu kidogo. Mkanda wa gari upitishwe katika njia ya kutazama mbele, ambayo katika viti vingi hutiwa alama nyekundu, ilhali ile ya kutazama nyuma hutiwa buluu. Kiti kikiwa na mkanda wa juu, ufungwe katika kishikio chake nyuma ya kiti cha gari, kwani huo ndio hupunguza umbali wa kichwa kutupwa mbele. Kisha kiti kitikiswe mahali pa kupitia mkanda, kisisogee zaidi ya sentimita 2.5, na mkanda wa begani ujaribiwe kwa vidole viwili: ukikunjika vidoleni, ungali umelegea.

HITIMISHO

Enyi wazazi na walezi, kumgeuza mtoto atazame mbele si cheo anachopandishwa wala si sherehe ya kukua, bali ni kumpunguzia hifadhi kwa kuwa mwili wake umezidi kiti. Basi jambo hilo lisifanywe ila kwa dharura hiyo. Leo hii, kabla ya safari ijayo, someni karatasi ya kiti, mpimeni mtoto, na pataneni nyumba nzima juu ya hukumu moja, ili bibi, yaya na dereva wasije wakageuza kile ambacho baba na mama wamekithibitisha. Na iwapo shaka imebaki, basi mtoto na abaki akitazama nyuma.